Karani Aliyehama na Majibu Yetu

Karani hakuwahi kumwambia mtu kwamba hajui. Ukimuuliza jambo lililomshinda alikwambia, "Njoo kesho," na kesho ukifika ulimkuta analo, limenyooka, kana kwamba amelijua tangu utotoni. Tulimwita Karani kwa sababu alikuwa karani wa posta, na alipostaafu yeye jina halikustaafu. Jina lake la kwenye kitambulisho sitaliandika hapa. Ana watoto, nao hawajanikosea.

Na mimi nijitaje mapema, maana bila mimi habari hii haina nyumba. Ni mtoto wa Kalinzi, wa wakulima wa kahawa. Nilikwenda Dar es Salaam na begi moja na namba ya simu ya shangazi ambaye hakupokea. Nilijisomesha kwa kupika chapati alfajiri na kuziuza kwenye lango la chuo kilekile nilichosoma, mpaka nikatoka na stashahada ya kompyuta. Wavulana wa darasani kwetu niliwazidi wote kasoro mmoja, naye alikuwa anarudia mwaka. Wenzangu walibaki kutafuta ajira. Mimi nilirudi na kompyuta yangu, nikapanga chumba mtaa wa Mwanga, mjini Kigoma, nikatengeneza jukwaa la kwanza la Kigoma mtandaoni kwa mikono hii. Nasema la kwanza, na atakayebisha alete lake.

Wakati huo ukiandika jina la mji wetu kwenye intaneti, ulicholetewa ni sokwe na Wazungu wa zamani waliopotea. Hakuna aliyekwambia dagaa wasio na mchanga wanapatikana kwa nani, boti ya vijiji vya kaskazini inaondoka Kibirizi muda gani, au ulale wapi ukishuka kwenye treni na mtoto mwenye homa. Wazo langu lilikuwa jepesi: ukurasa ambao siuandiki mimi, wanauandika watu. Mmoja anauliza, mwingine anajibu, wa tatu anasahihisha. Leo kila mwenye simu anaona ni jambo la kawaida. Siku ile baba yangu aliniuliza, "Yaani umesoma miaka yote hiyo ili waandike wengine?"

Karani alikuja kwangu kwa mara ya kwanza kulalamika. Alisimama mlangoni, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikunjo ya mikono, kalamu mbili mfukoni, nyeusi na nyekundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye ubao?"

"Ubao upi?"

"Huo wa kubandika uongo. Kuna mtu ameandika kwamba kifurushi kikichelewa posta ujue wamekula. Nani amekula? Mimi nimekaa pale tangu hujazaliwa, nimekula vifurushi?"

"Mjibu mwenyewe, mzee. Ndiyo kazi ya ukurasa."

"Naruhusiwa?"

"Mtu yeyote anaruhusiwa."

"Mtu yeyote," alirudia taratibu, kama aliyeonjeshwa asali akashuku ni ya dukani. Akavuta kiti. Hakuondoka mpaka adhana ya alasiri, na alipoondoka alikuwa amejibu kila swali lililokuwepo, pamoja na moja la mtu aliyeuliza dawa ya kuku.

Aliandika kwa vidole viwili. Kila herufi aliitafuta kwa jicho kwanza, akaikazia, kisha akaipiga. Akimaliza jibu alikigonga kitufe cha kutuma kama anayepiga muhuri, na kwa mazoea ya zamani aliipulizia skrini, kana kwamba wino unahitaji kukauka. Chupa yake ya chai ya tangawizi aliitembeza kila mahali. Kahawa hakunywa, akasema mtu hanywi kitu ambacho bei yake inapangwa asikokujua. Kwangu mimi mtoto wa kahawa alilisema hilo kila wiki, na kila wiki alicheka peke yake.

Hakuwa mtu wa Kigoma. Serikali ilimleta, kama ilivyowaleta wengi, naye alipoambiwa ahame alikataa, akaoa, akajenga Ujiji. Kiha alikijua kwa lafudhi iliyowachekesha kina mama sokoni. "Mwidiwe," aliwasalimia, nao walimwitikia kwa kumwiga, kisha wakampa nyongeza ya maharage kwa sababu alikuwa amejaribu. Alikwenda kwenye kila msiba, wa msikitini na wa kanisani, na kila penye msiba alijua barua ya mwisho ya marehemu ilikwenda wapi. Alichukia umbea. Alisema hivyo mara nyingi sana, kwa kawaida baada ya kumaliza kuusimulia.

Siku za posta zilikuwa ndizo utukufu wake. Bahasha iliyoandikwa "Kwa Mama Zuberi, Ujiji" ilifika. Iliyoandikwa "Kwa yule fundi baiskeli mwenye kofia" ilifika pia. "Barua haiulizi njia," alikuwa akisema, "inauliza mtu." Nilipomweleza jinsi injini ya kutafutia inavyofanya kazi, kwamba inapokea swali la mtu na kuamua ukurasa upi utangulie, nilijiandaa kwa somo refu. Nilikuwa na michoro. Yeye alisikiliza hadi nusu akanikatiza.

"Inaangalia nani anatajwa na wengine?"

"Ndiyo."

"Na nani watu wanamwendea wakaridhika, hawarudi kuuliza tena?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi huyo ni karani mwenzangu. Mimi sikutafuta mwenye jina kubwa. Nilimpa barua yule ambaye mtaa mzima ungemwonyesha kidole."

Nimewafundisha vijana wengi tangu siku hiyo na sijapata maelezo mafupi kuliko hayo. Nayatumia mpaka leo, bila kusema yametoka kwa nani.

Sasa lazima nieleze jambo la sanduku, maana mgeni hataelewa jinsi mtu mmoja alivyoweza kuondoka na mji. Zamani kwetu mtu wa kawaida hakuwa na sanduku lake la posta. Aliazima. Shule ilikuwa na sanduku, msikiti ulikuwa na sanduku, parokia vivyo hivyo, na nyuma ya kila namba walijipanga watu wasiohesabika: wavuvi, wajane, vijana wanaongoja majibu ya usaili. Barua zote zilishuka mahali pamoja na mtu mmoja wa kuaminika alizigawa. Hakuna aliyeona vibaya. Kuwa na sanduku lako peke yako kulionekana ni maringo, au una siri.

Jukwaa lilipokuja, watu walilitumia kwa desturi ileile. Kujiandikisha kulikuwa bure na kulichukua muda mfupi kuliko kumenya ndizi, lakini mama muuza dagaa wa Kibirizi aliniambia, "Akaunti ya nini, mwanangu? Si Karani anayo?" Wakawa wanamwendea. Nahodha wa boti alimtajia siku anazosafiri. Mwenye mawese wa Mwandiga alimweleza jinsi ya kuyatambua yaliyochanganywa maji. Shangazi zangu wa Kalinzi walituma maneno kwa mdomo wa bodaboda. Karani aliandika, akapiga muhuri wake, na yote yalitokea chini ya jina moja: Karani. Msomaji wa Mwanza alidhani kuna mzee mmoja Kigoma aliyevua, akakamua mawese, akalima kahawa na kujifungua mapacha kwenye kituo cha afya cha Kidahwe.

Tena hakuyaandika kama yalivyosemwa. Aliyapiga pasi kama mashati yake. Nilikuwepo siku yule mama wa dagaa aliposomewa maneno yake.

"Karani, mimi nilisema 'dagaa bora ni yule anayekauka juu ya kichanja huku upepo wa ziwa ukimpapasa'?"

"Ulitaka kusema hivyo."

"Mimi nilisema usinunue wa pale chini, wana mchanga."

"Nayo nimeiandika. Iko mwishoni, kwa adabu."

"Upepo ukimpapasa," mama alirudia, akamgeukia mwenzake. "Huyu mzee mkewe hamsikilizi nyumbani, ndiyo maana anamalizia kwa dagaa wangu." Soko zima likacheka na Karani akacheka zaidi ya wote. Lakini wanunuzi kutoka Dodoma walifika wakimuulizia mama yule yule, wakitaka dagaa wa upepo.

Hivyo ndivyo tulivyopanda. Ukitafuta lolote la Kigoma, ukurasa wangu ulitangulia. Wenye nyumba za wageni walinifuata wenyewe waweke matangazo. Nilihojiwa redioni, nikaeleza vizuri, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Mama yangu aliwaita majirani wasikilize. Kesho yake Karani alikuja, akamimina chai.

"Nimesikiliza redio," alisema.

"Umeonaje, mzee?"

"Umesema vizuri. Nilikuwa nangoja sehemu yangu, kipindi kikaisha."

Nilikuwa nimemtaja. Watu wa redio walikata. Nilimwambia hivyo, naye akasema, "Wanakata, ndiyo," akarudi kwenye maswali yake. Nilidhani limekwisha. Siku hizo nilimwamini kiasi kwamba nikienda Kalinzi kuvuna nilimwachia ufunguo wa chumba na neno la siri la jukwaa. Mtu ambaye amegawa barua za mji kwa miaka yote hiyo bila kufungua hata moja, utamficha nini?

Ilitokea tovuti kubwa ya mambo ya safari, ya Dar es Salaam. Walikuwa na pesa na walikuwa na ofisi ya vioo, ila hawakuwa na mtu aliyewahi kulala Kigoma. Wakamwandikia Karani bila kunipitia. Hawakumwahidi mshahara, nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu wengi waliponihurumia walisema, "Njaa hiyo." Haikuwa njaa. Walimpa picha yake juu ya ukurasa, jina lake lote, nyota ya dhahabu pembeni, na cheo: Mwenyeji Bingwa. Kwangu alikuwa Karani tu, kama mimi nilivyokuwa mwenye jukwaa tu. Niliamini hiyo ndiyo heshima ya kitu chetu, kwamba hakuna anayekaa juu.

Asubuhi moja nilifungua jukwaa nikakuta maswali yamesimama peke yake. Swali, halafu chini yake patupu. Swali lingine, patupu. Ilikuwa kama nyumba ya harusi ambapo mtu ameondoa sahani wageni wakiwa bado wamekaa. Penye jina lake paliandikwa kwamba mtumiaji ameondoka. Nilidhani tumevamiwa. Niliangalia huku na huku, nikajaribu hili na lile, mpaka nilipoandika swali la dagaa kwenye injini ya kutafutia na juu kabisa ikaniletea upepo wa ziwa ukimpapasa, na picha ya Karani akitabasamu kwa tai ambayo sikujua anayo.

Nilichukua bodaboda hadi Ujiji. Alikuwa ukumbini kwake, ananyoosha shati.

"Mzee, umefanya nini?"

"Karibu ukae."

"Sikai. Umefuta majibu yote."

"Nimehama. Mtu akihama huchukua vyombo vyake."

"Vyombo vyako? Yale ni maneno ya mama wa dagaa. Ni ya nahodha. Ni ya shangazi zangu."

"Walinipa mimi, hawakukupa wewe. Wewe hata Kibirizi huendi, viatu vitaingia mchanga." Alisema bila hasira, na pasi haikusimama. "Barua ni ya aliyeiandika, binti yangu. Wewe ulikuwa na sanduku. Sanduku zuri. Nani alipata kuipenda posta kwa sababu ya sanduku?"

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi unaona," alisema, akaigeuza kola.

Nilichokifanya baadaye kilinimaliza kabisa. Vipande vya majibu yake vilikuwa vimebaki humo ndani, pale watu wengine walipoyanukuu wakimshukuru. Nilivikusanya nikavirudisha mahali pake. Injini ikayaona maneno yaleyale mahali pawili, kwenye tovuti kubwa yenye wageni wengi na kwenye ukurasa wangu mdogo, ikaamua kama mashine: kule ndiko kwenyewe, huku ni nakala. Ikanisukuma chini. Mimi niliyelizaa jukwaa nikawa mwizi wa maneno yaliyozaliwa chumbani mwangu. Hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Hakuna dirisha la kugonga.

Wenye nyumba za wageni waliondoa matangazo, mmoja mmoja, kwa upole, kama watu wanaoaga msiba. Kilichoniuma zaidi ni kwamba wenye maneno hawakujua kama wamehamishwa. Mama wa dagaa alinikuta sokoni akaniuliza, "Vipi, bado niko kwenye kompyuta?" Nikamwambia bado yuko. Ilikuwa kweli. Ila kule kwa Mwenyeji Bingwa walikuwa wameondoa jina la mama huyo wakaweka kiungo cha duka lao, kwa hiyo wanunuzi wa Dodoma hawakumfikia tena. Sikuweza kumweleza hilo amesimama na ndoo kichwani. Alihitimisha mwenyewe kwamba watu wa Dodoma wamechoka dagaa.

Mimi sikuanguka. Nimelala chini mara nyingi na kila mara nimeinuka. Nilinunua mashine ya fotokopi, nikapiga picha za pasipoti, nikachapa maombi ya kazi ya watu, nikajenga nyumba Mwandiga kwa hizo hizo karatasi. Na kila mwaka nililipia jukwaa libaki hewani, ingawa lilikuwa na vumbi. Kaka yangu aliliita kaburi la kulipia kodi. Nilimjibu kwamba kaburi halipokei maswali. Maswali yaliendelea kuja, machache: treni inafika lini, kuna chumba karibu na bandari. Niliyajibu mimi mwenyewe, kwa usahihi, kwa sentensi fupi. Hakuna aliyewahi kuandika asante.

Karani nilikuwa nikimwona kwa mbali. Tulipeana shikamoo na marahaba barabarani kama watu waliofundishwa adabu. Halafu mwaka huu, baada ya mvua kukatika, akaingia dukani kwangu. Alikuwa amepungua. Shati lilikuwa limepigwa pasi vilevile lakini lilikuwa la mtu mkubwa kuliko yeye.

"Mwidiwe," alisema.

"Shikamoo, mzee. Karibu."

Nilimpa kiti. Alizungumzia goti. Alizungumzia maharage kupanda bei. Nilimwacha. Nilikuwa nangoja neno moja tu, nalo si refu, na nilikwisha kumwekea kimya cha kulitosha.

"Wamenifuta," alisema mwishowe.

"Nani?"

"Wale wa Dar. Wamefunga sehemu ya maswali. Siku hizi wanauza tiketi tu. Nimeingia, nikaambiwa jina langu halipo." Alitoa kitambaa akafuta miwani ambayo haikuwa chafu. "Mjukuu wangu alitaka kuonyesha wenzake. Tukatafuta, tukatafuta."

"Na majibu?"

"Yameenda na nyumba." Akanitazama. "Lako bado lipo. Nimeliona. Unajibu kikavu sana, binti yangu. Mtu anakuuliza chumba unamwambia 'kipo'. Hivyo ndivyo anavyopokewa mgeni?"

Niliona hasira ikinipanda mpaka masikioni. Nilitaka kumwambia kwamba nyumba iliyochomwa haipambwi kwa maua. Nikasema kingine.

"Ukitaka kurudi, jiandikishe kama watu wengine. Funguo sikupi. Na andika ya kwako tu. Mama wa dagaa ana simu sasa, ataandika mwenyewe."

"Yangu tu," alisema, akiitikia kwa kichwa kama aliyepangiwa zamu. Aliinuka, akashika meza, akashika mlango. Neno nililolingoja hakulisema. Niliangalia mpaka akavuka barabara.

Wiki iliyofuata mwanafunzi mmoja wa Kasulu aliuliza kwenye jukwaa, kwa ajili ya kazi yake ya darasani, nani aliyelianzisha. Nilikuwa na wateja, nikasema nitamjibu jioni. Jioni nilikuta ameshajibiwa. Mistari mingi, imenyooshwa, na chini yake jina la zamani. Na chini ya jina hilo watu niliodhani wamekufa au wamehama dunia ya mtandao: nahodha, mwenye mawese, mtu wa Mwanza, hata mama wa dagaa kwa simu yake mwenyewe, akiuliza mzee ulipotelea wapi, tulikukosa. Walisalimiana. Wakataniana. Wakaanza kuulizana mambo, na kujibiana, palepale kwangu, kama ambavyo sikuwahi kuona tangu kiti chake kiwe kitupu.

Nina kitufe cha kufuta. Nilikipeleka kidole mara ya kwanza usiku huo kabla ya kufunga duka, na mara ya pili asubuhi. Kabla ya mara ya tatu niliamua kuangalia injini. Niliandika jina la mji wangu. Mwanzo kabisa, mbele ya Wazungu waliopotea, mbele ya sokwe, lilikuwa jukwaa langu, na chini ya anwani yake injini ilikuwa imechagua maneno ya kumwonyesha kila mtu duniani anayetaka kuijua Kigoma:

"Jukwaa hili nililianzisha mimi, Karani wa Posta. Kulikuwa na binti mmoja wa Kalinzi, mchapakazi, aliyenisaidia kuchapa."

Sijayafuta.